Kabla Hujapiga Fomati

Shikamooni wazee wangu, na habari za jioni ndugu zangu wote.

Kazi yangu ni ufundi wa kompyuta, na wengi mnaokuja kwangu huja na ombi moja tu: "Fundi, nipigie fomati," yaani nifutie diski uweke Windows upya. Mashine imekuwa nzito, fomati. Imeingia virusi, fomati. Naomba leo tukae na neno hilo, kwa sababu kuna siku lilinitoa machozi.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea laptopu yake. Nikamwamkia, nikamuuliza, "Mama, vitu vyako umeshaviweka pembeni?" Akanijibu, "Ndiyo mwanangu, vyote nimeviweka Documents." Mimi nikasikia ile "ndiyo", yaliyofuata yakanipita. Nikachomeka flashi, nikafuta C, ile sehemu ya diski inayokaa Windows, nikapiga Windows mpya. Jioni akaja, akaifungua ile folda, haina kitu. Picha za marehemu mumewe zote zilikuwa mle. Hakufoka. Aliifunga laptopu taratibu, akaniuliza, "Sasa zimekwenda wapi?"

Alikuwa na haki ya kujibiwa, na jibu lenyewe ndilo mhadhara wangu wa leo.

Ichukulieni diski kama shamba lililopimwa viwanja. Kila kiwanja ni partisheni, na Windows huvipa herufi: C, D, E na kuendelea. Mwanzoni mwa shamba kuna daftari linaloonyesha kila kiwanja kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Halafu ndani ya kila kiwanja kuna daftari lake dogo, linaloonyesha faili gani limelala wapi. Ukipiga fomati ya haraka, ile ya sekunde chache, unachochana ni hilo daftari dogo tu. Nyumba bado zimesimama. Ila ofisi ya mtaa haizitambui tena, na atakayekuja kuomba kiwanja atagawiwa palepale penye nyumba ya mtu.

Kwa hiyo picha za mwalimu hazikuwa zimepotea zote. Niliitoa diski, nikaifunga kwenye mashine nyingine, nikawasha programu ya bure iitwayo PhotoRec, ikafanya kazi usiku kucha. Programu hiyo haiulizi daftari. Inapita sekta, yaani vipande vidogo vya diski, kimoja baada ya kingine ikitafuta alama ambayo picha huanza nayo. Asubuhi nikakuta picha nyingi zimerudi, lakini hakuna hata moja iliyorudi na jina lake, maana majina yalikuwa kwenye daftari nililolichana. Kila moja iliitwa herufi f na tarakimu nyingi. Kuna moja ya mumewe amesimama mlangoni: kichwa na mabega vimetoka safi, kuanzia kifuani kwenda chini ni kijivu kitupu. Pale Windows mpya ilikuwa imeshajenga.

Na hiyo ilikuwa diski ya kuzunguka. Kwenye SSD za siku hizi, diski zisizo na kitu kinachozunguka ndani, msitegemee bahati hiyo. Ukifomati SSD, Windows huiarifu diski kwamba nafasi ile haina mwenyewe tena, nayo huisafisha kimyakimya.

Upande wa pili wa jambo hili nao una uzito. Anayeuza kompyuta yake ya zamani, yenye diski ya kuzunguka, baada ya fomati ya haraka, ameuza na picha za watoto wake na nakala za vyeti vyake. Ondoa ile alama ya vema kwenye Quick Format, uache ifanye fomati kamili. Tangu Windows Vista, fomati kamili huandika sifuri juu ya kila kitu. Diski kubwa itachukua saa nyingi. Iache ichukue.

Sasa kugawa. Mtaniuliza kwanza mbona umenunua diski ya gigabaiti 500 na Windows inaonyesha 465. Hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Daftari la shamba nalo lina aina mbili. La zamani, MBR, lilikuja mwaka 1983 pamoja na IBM PC XT iliyokuwa na diski ya megabaiti 10, na lina nafasi nne tu za viwanja vikuu. Kwa diski zetu za kawaida haliwezi kuhesabu zaidi ya terabaiti mbili. Jipya ni GPT. Kwenye Windows linabeba viwanja 128, na nakala yake nyingine huwekwa mwisho wa diski, ili la mbele likiharibika la nyuma lipo. Mashine mpya, tumia GPT. Hapo sina mjadala.

Kwenye hiyo 465, mimi humpa C 150 hivi na zilizobaki zote D. Watu wengi humbana C wakampa 50, baada ya mwaka masasisho yamejaa, wanataka kumwongezea, wanakuta haiwezekani. Disk Management, programu ya Windows ya kugawa diski, itakuongezea kiwanja kama tu nafasi tupu imepakana nacho upande wa kulia. Kama D yuko katikati, huwezi kumruka jirani ukachukua ardhi ya nyuma yake. Pimeni vizuri mara ya kwanza.

Faida ya D ni kwamba siku C akifomatiwa, D haguswi. Lakini Documents, Desktop na Pictures zote huzaliwa ndani ya C. Hapo ndipo mwalimu wangu alipoumia: aliamini Documents ni kabati la pembeni, na kwa jina lake nani angemlaumu? Bofya kulia folda hiyo, ingia Properties, kisha Location, bonyeza Move, uipeleke D. Dakika mbili.

Na tafadhali, D si nakala rudufu. C na D ni viwanja viwili vya shamba moja. Diski ikidondoka, au laptopu ikiibwa kwenye basi, vyote vinakwenda pamoja. Picha usizotaka kuzipoteza zikae pia kwenye diski ya nje, na hiyo diski ichomolewe kabla ya kuanza kupiga Windows, kwa sababu kwenye ule ukurasa wa kuchagua partisheni nayo hujitokeza kwenye orodha. Nimeona mtu akifuta diski ya nje yenye bakapu, akaiacha ile aliyotaka kuifuta.

Laptopu mpya nyingi hujifunga zenyewe kwa BitLocker, kufuli la Windows linalofunga diski nzima, bila wewe kujua. Tafuteni ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye akaunti yenu ya Microsoft, muuandike kwenye karatasi kabla fundi hajagusa kitu.

Waliokuja na laptopu wazifungue sasa. Tunaanza na Documents: bofya kulia, nenda Location, kisha kila mmoja anisomee herufi ya kwanza anayoiona pale.