Kipindi cha 14: Gramu za mkiani

REHEMA: Haya wapendwa karibuni tena, ni mimi Rehema, na leo kaka Kassim kaingia na boksi refu hivi nikajua kanunua kinanda. Shikamoo kaka.

KASSIM: Marahaba mdogo wangu. Kinanda wapi, ndege hii.

REHEMA: Ya rimoti?

KASSIM: Aa, hii ya waya. Unasimama katikati ya uwanja umeshika kishikio, zinatoka nyaya mbili nyembamba za chuma kama mita 20 hivi zinaingia kwenye bawa, ndege inazunguka na wewe unazunguka nayo. Ukikunja kiganja juu inapanda, ukikunja chini inashuka. Farasi na hatamu, basi. Kuna Mmarekani, Jim Walker wa Portland, ndo aliyeueneza huu mchezo miaka ya 1940, na mpaka leo watu wanapiga nayo sarakasi, miviringo, nane za kulala, nane za kusimama, majaji wanaangalia.

REHEMA: Na kizunguzungu?

KASSIM: Mwanzo kipo, baadaye unazoea. Ila mimi sikuingia kwa ajili ya kurusha, niliingia kwa rangi. Unajua mimi mtu wa gereji, nimepuliza magari Tanga, nimekuja hapa Indiana napuliza magari. Sasa mteja mmoja, mzee, kaja kuchukua gari lake, kaangalia kilia, ile koti ya juu isiyo na rangi, nilivyoipiga, kanambia wewe twende Muncie. Muncie ndo makao makuu ya AMA, chama chao cha modeli. Nafika nakuta ndege zimepangwa sakafuni safu kwa safu, na majaji wanachuchumaa, wanachungulia, hii wanaisogeza mbele, ile wanairudisha nyuma.

REHEMA: Bado hata hazijaruka?

KASSIM: Bado! Kwenye mashindano yao ya taifa ya sarakasi kuna pointi za muonekano, mpaka 20. Na marubani wenyewe nao wanapiga kura, ndege nzuri kuliko zote inapewa tuzo, wanaiita Concours. Ukienda kimataifa, kwenye F2B, ndo jina la daraja la sarakasi hizi za waya huko, pointi za muonekano hamna, njoo na ndege ya rangi moja kama jembe, hakuna anayejali. Mi naona wanakosea, lakini tuyaache hayo.

REHEMA: Ukaona umefika nyumbani.

KASSIM: Nikasema hawa wazee leo nawafundisha kazi. Nikajenga ya kwanza, nikaipiga kama naipiga Corolla, praima, puti, rangi, kilia koti tatu, inang'aa unachania nywele. Naiweka mezani, mkia puu, chini.

REHEMA: Kwa nini?

KASSIM: Mkia uko mbali na bawa, pua iko karibu. Fikiria watoto kwenye bembea ya ubao, yule wa kwenye ncha hata akiwa mdogo anamnyanyua mkubwa aliyekaa karibu na katikati. Kwa hiyo kila gramu ya rangi niliyopaka mkiani ikabidi nifunge gramu mbili tatu za madini ya risasi puani, yaani nimeinenepesha mbele na nyuma. Kupima, rangi peke yake gramu 400 na ushee, wakati ndege kama hii nzima inatakiwa iwe kilo moja na robo tatu hivi. Nikairusha hivyo hivyo kwa ubishi, kukata kona kama lori la mchanga, ya tatu ikabusu lami.

REHEMA: Ikavunjika?

KASSIM: Miguu yote ikang'oka, rangi haikupata hata mkwaruzo! Ndo ujue ilivyokuwa nene.

REHEMA: (anacheka) Sasa hao wazee wanafanyaje?

KASSIM: Wanaweka mizani mezani pembeni ya chai. Mbao ya balsa, ile nyepesi ya kujengea ndege hizi, wanaisugua msasa mpaka laini, wanapaka dopu...

REHEMA: Dopu? Kaka, tunarekodi hapa.

KASSIM: Siyo hiyo! Ni selulozi iliyoyeyushwa, ndugu yake ile rangi ya selulozi ya magari ya zamani. Ndege za kweli za kitambaa, za vita vya kwanza vya dunia, zilipakwa dopu. Ziko mbili, naitreti inashika mbao vizuri lakini ikimwagikiwa na mafuta ya hizi injini inalainika, maana ni methanoli na naitro na mafuta ya nyonyo humo humo. Butireti ndo inavumilia. Kwa hiyo naitreti chini, butireti juu. Katikati unalaza karatasi nyepesi, halafu unachanganya dopu na poda, poda kabisa, unapaka, unasubiri ikauke, unaisugua karibu yote, inabaki ile tu iliyoingia kwenye vinyweleo vya mbao. Iliyobaki iko sakafuni na kwenye pua yako, vaa barakoa. Miezi miwili nasugua tu, mke wangu akawa anauliza hiyo rangi utaipaka lini.

REHEMA: Na hii nyeusi ndo ya mwisho?

KASSIM: Hiyo nyeusi usiniulize. Nimeipuliza Julai, unyevu umejaa hewani, na mimi mtu wa Tanga najua kabisa siku ya mvua hupulizi selulozi. Thina inakauka haraka, inapoozesha pale juu, maji ya hewani yanagandia humo. Nyeusi yangu ikawa kijivu kama miguu isiyopakwa mafuta. Ikabidi nitafute thina ya kukauka polepole, nipulize nyepesi juu yake, ikajirudi.

REHEMA: Jamani hawaoni, lakini pembeni ya bawa kuna pindo la kanga, korosho zake na vidoti. Napitisha kidole, sisikii ukingo kabisa.

KASSIM: Hapo ndo kazi ilipo. Ukibandika tepu, kabla ya rangi unapuliza kilia kwanza kwenye ukingo wake, kwa hiyo kama kuna pa kuvuja kinavuja kilia, hakionekani. Halafu rangi, nyembamba. Tepu unaivuta kwa kuikunja irudi nyuma, usiinyanyue juu. Vile vidoti ni kalamu ya wino ya wachora ramani, kimoja kimoja, vyote viko chini ya kilia ya mwisho, ndo maana kidole hakisikii.

REHEMA: Na chini umepaka njano tupu.

KASSIM: Jaji yuko mbali, lazima ajue saa ngapi imelala chali. Na njano ile koti moja tu, nilitamani ya pili nikajizuia. Rangi yote gramu 190, pindo ndani yake.

REHEMA: Sasa kanga bila jina? Hapa katikati pametupu.

KASSIM: Nimebakiza gramu mbili za jina.

REHEMA: Andika "Wasemao na waseme mimi nazunguka zangu".

KASSIM: Hesabu herufi hizo Rehema, halafu unambie mkia wangu utafika wapi. Nipe fupi.

REHEMA: "Waseme".

KASSIM: Hiyo naweza. Nyeupe, koti moja.