Airisi Huota Jua Mgongoni: Mazungumzo na Wapanda Maua wa Lushoto

Nashukuru kwa kuitwa, mama zangu na baba zangu, nanyi vijana mliopanda kutoka Soni asubuhi hii yenye ukungu.

Kabla sijaendelea, naomba hiki kipite mkono kwa mkono. Kishikeni, msiogope udongo. Mama pale ameshasema ni tangawizi, na kweli kinafanana nayo: kinene, kina vinundu, mizizi imetoka tumboni na majani yamesimama kichwani kama kipepeo cha ukili. Hili ni tunguu, yaani shina nene la ardhini, la ua liitwalo airisi. Ndilo ghala la chakula cha mmea huu, na airisi nyingi zinazokufa mikononi mwetu hufia hapa, si kwenye majani.

Zangu za kwanza nilizipanda kama ninavyopanda magimbi. Nilichimba shimo refu, nikatia samadi mbichi, nikafukia, nikamwagilia kila jioni. Masika yalipokolea majani yakaanza kulala. Nilishika moja, likang'oka bila ubishi, na chini yake palikuwa na uji wa kahawia unaonuka. Nililia. Nilikuwa nimezingoja mwaka mzima.

Airisi hii hupenda kuota jua mgongoni. Chimba kidogo, inua kituta katikati ya shimo, lipakate tunguu juu yake, mizizi ishuke pande zote mbili, kisha rudisha udongo huku mgongo ukiachwa wazi. Penye jua kali sana tandaza udongo mwembamba tu juu yake. Maji yasituame. Samadi iwe imeoza vizuri, tena isiguse tunguu. Ukikuta limeanza kuoza, usilitupe haraka: kata kwa kisu kikali mpaka ufikie nyama nyeupe iliyo ngumu, lianike siku nzima jeraha likauke, ndipo ulirudishe ardhini mahali pengine. Kisu nacho kipanguse kwa spiriti kila baada ya kukata, la sivyo utaupeleka ugonjwa kwa jirani yake.

Sasa niseme jambo ambalo wauzaji wa miche hawapendi kulisema. Airisi halisi zipo aina zipatazo 300, na zote asili yake ni kaskazini mwa dunia. Zile kubwa zenye ndevu, yaani vinyweleo kwenye petali, ambazo sote tumeziona kwenye picha, zimezoea majira ya baridi kali ndipo zichanue vizuri. Huku kwetu zinaweza kukupa majani mazuri na maua ya kubahatisha. Msijilaumu kwa hilo.

Ndiyo maana nawaomba muanze na ndugu yao wa Afrika, dietesi. Jina lake kwa Kigiriki lina maana ya mwenye jamaa wawili, maana waliolipa jina waliliona liko kati ya koo mbili za maua. Ile nyeupe huota yenyewe kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, Tanzania ikiwemo. Ua lake ukiliinamia asubuhi utaona petali sita nyeupe, tatu za nje zina doa la manjano la kumwonyesha nyuki njia, na katikati pamesimama vilemba vitatu vya zambarau. Jioni limekwisha. Siku moja tu! Lakini kesho jingine linafunguka, na hapa ndipo wengi tunapokosea: tunaona kikonyo kimemaliza maua, tunakikata. Kiacheni. Kikonyo hichohicho kitachanua tena, na wakati mwingine huzaa mche nchani. Mche huo ukiinama ukagusa ardhi, unashika mizizi wenyewe.

Gladiola ni wa ukoo huohuo, ila yeye ana desturi yake. Tunguu lake ni la mviringo, na huyu mzikeni hasa, sentimita 10 hadi 15, maana kikonyo chake kirefu huanguka kikipandwa juujuu. Kila msimu tunguu jipya hujengeka juu ya lile la zamani, na pembeni hutoka vitoto vidogo kama punje. Msivitupe, vikipandwa, baada ya misimu miwili au mitatu hutoa maua. Gladiola mwitu mwekundu wa nyanda zetu za juu ni mmoja wa wazazi wa gladiola za dukani duniani kote. Nikiliona shada lake sokoni huwa naona mtoto wetu aliyerudi nyumbani na nguo za ugenini.

Kwenye kikapu hiki nimeleta dietesi nilizozigawa jana kwenye shina langu lenyewe. Hakuna hata moja iliyong'olewa msituni, nanyi msiende kung'oa huko. Majani nimeyapunguza nusu ili mche usipoteze maji kabla ya kushika. Kila mmoja achukue mmoja, aupande leo jioni kwa kina kilekile ulichokuwa nacho ardhini, aumwagilie ushibe, kisha ausubiri. Huenda ukakaa bila ua msimu wa kwanza. Karibuni, anzieni upande huu wa wazee.