Unga, tozo na mawe ya St Albans

Asanteni jamani, kaeni, kaeni. Nianze kwa kuwakatisha tamaa waliokuja kusikia habari za mashujaa wa kwenye farasi waliovaa chuma, hao leo hawapo. Hili nimeshalisema mpaka wenzangu wakiniona kwenye korido wanageuza njia, na nitalisema tena: ukitaka kuijua Ulaya ya Zama za Kati weka pembeni upanga, ulizia unga. Nani anasaga, anasagia wapi na akimaliza kusaga anamlipa nani. Hao wapanda farasi walikuwa wachache mno, na chuma chao kililipiwa na mtu aliyekuwa shambani matope mpaka magotini.

Ukabaila mmesoma shuleni sirudii, ile picha ya mfalme juu mkulima chini mnayo. Ambacho picha ile haioneshi ni tozo. Mkulima asiye huru Uingereza, tuseme karne ya 13, siku kadhaa za wiki analima shamba la kabaila bure, hiyo mnaijua, lakini binti yake akiolewa analipa, kijana akitaka kwenda kusomea upadri analipa, na siku akifa mjane anatoa mnyama bora zizini akampe kabaila, halafu kabla machozi hayajakauka kanisa nalo linakuja kuchukua mnyama wa pili kwa ubora. Yaani msiba mmoja ng'ombe wawili wameondoka.

Na naona kule nyuma kuna mkono, najua swali, ni ile habari ya kabaila kulala na bibi harusi usiku wa kwanza. Kila ninapokwenda naulizwa! Shusha mkono ndugu yangu. Hakuna ushahidi kwamba ilikuwa sheria. Kilichojaa kwenye madaftari ya mahakama za makabaila ni fulani kalipa kiasi fulani ili bintiye aolewe, basi, pesa. Watu wanapenda ile hadithi kwa sababu ina utamu, tozo haina utamu, ndo maana hakuna anayetengeneza filamu ya tozo.

Sasa tuje kwenye kusaga maana hapa ndo penyewe. Vinu vya maji vilikuwa vingi Uingereza, ile sensa ya mali ya mwaka 1086 inahesabu karibu 6,000. Kinu ni cha kabaila na wewe mtu wake unalazimika kusagia hapo hapo, huruhusiwi kwenda kwa jirani hata kama foleni ni fupi, na mwenye kinu anakata sehemu ya nafaka yako, mahali pengine 1 kwa 13, pengine 1 kwa 24. Na mkate ndo chakula, hukwepi.

Mtu ataniambia mwalimu, si maendeleo hayo, bora maji yazungushe jiwe kuliko mkono? Swali zuri, na nakubali kusaga kwa mkono ni kazi ya kuvunja mgongo. Lakini hapa kwetu mashine ya kusaga ilipofika kijijini kuna mama aliyelazimishwa kuiendea? Walienda wenyewe, wakabeba debe kichwani wakatembea. Ukiona mwenye mashine anapita nyumba kwa nyumba anakusanya mawe ya watu ya kusagia, jua bei yake ina kasoro.

Na hicho ndicho kilichotokea St Albans, kaskazini kidogo ya London. Pale palikuwa na abasia kubwa ya watawa Wabenedikti na mji wote ulikuwa chini yake, kwa hiyo kabaila wa pale ni abate, yaani mkuu wa abasia. Watu wa mjini walikuwa na mawe yao ya mkono majumbani, wanasaga wenyewe. Kwenye mwaka 1331 hivi abate Richard wa Wallingford akawashinda kwenye ugomvi wa siku nyingi wa nani asagie wapi, akayachukua mawe yote. Angeweza kuyavunja akayatupa mtoni. Hapana, akayatandaza sakafuni kwenye chumba cha maongezi cha abasia, yakawa sakafu! Kila mtu wa mjini aliyeitwa pale kwa shida yake anakanyaga jiwe la mama yake.

Na huyu abate msimfikirie kama mjinga fulani mnene, hapana, alikuwa mtoto wa mhunzi, yatima, akalelewa na mkuu wa watawa wa Wallingford, akasoma Oxford akawa mwanahisabati hodari kabisa. Akaanza kuunda saa ya ajabu inayoonesha mwendo wa jua na mwezi, kupatwa kwake, mpaka maji kujaa na kupwa pale London Bridge, na yote haya huku ukoma unamla, na ndo uliomuua 1336. Mfalme Edward III alipopita akamlaumu, kanisa linabomoka wewe unahangaika na saa? Akajibu kwa heshima zote kwamba maabate wa kulikarabati kanisa watakuja wengi baada yake, wa kuimaliza saa hatapatikana. Mimi jibu hilo nalipenda, nakiri. Ndo maana siku hizi nikisikia mtu anaita miaka ile zama za giza nanyamaza tu nisije nikagombana, maana kichwa kilichopiga hesabu za kupatwa kwa mwezi ndo hicho hicho kilichopiga hesabu za mawe ya mama wa watu. Elimu ilikuwepo, kwa nani ndo suala.

Haya, ipite miaka 50. Katikati hapo imekuja tauni 1348, mnaijua, theluthi ya watu au zaidi wamekufa, waliobaki kazi ni nyingi wafanyakazi hakuna, wakadai mshahara upande, na bunge likatunga sheria 1351 kwamba mishahara irudi kama kabla ya tauni. Halafu ikaja kodi ya kichwa, mara ya tatu ndani ya miaka 4, safari hii peni 12 kwa kila aliyevuka miaka 15. Juni 1381 nchi ikawaka. Habari za Wat Tyler, kiongozi wa waasi walioingia London, mtazisoma wenyewe, mimi narudi St Albans.

Watu wa mji wakiongozwa na William Grindcobbe wakaingia abasia, wakafungua gereza, wakachoma hati, wakamdai abate wa wakati huo awape hati ya uhuru wao, ya tangu Offa, mfalme wa karne ya 8, yenye herufi kubwa moja ya dhahabu na nyingine ya buluu! Abate anaapa hajawahi kuiona. Wakaenda kwenye kile chumba, wakang'oa sakafu. Wakayavunja yale mawe vipande vidogo vidogo, kila mtu akapewa kipande, kama mkate uliobarikiwa unavyogawiwa kanisani Jumapili. Na aliyetuandikia haya ni mtawa wa pale pale, Thomas Walsingham, mtu aliyewachukia kutoka moyoni, hakuwa na sababu yoyote ya kuwapamba. Wengi waliokuwepo hata hawakuwa wamezaliwa mawe yalipochukuliwa. Nani aliwaambia lile ni jiwe la bibi yako? Mtu aliambiwa jikoni, akaambiwa tena, miaka 50. Hiyo ni historia ambayo haina daftari na ndo ninayowadai wanafunzi wangu waitafute, wananiletea tarehe za vita.

Mwisho wake mbaya, mfalme Richard II alikuwa na miaka 14 tu, akafika St Albans Julai, Grindcobbe akanyongwa na padri John Ball, mhubiri wa waasi, naye akanyongewa hapo hapo. Jamaa wakashusha maiti za wenzao usiku wakazika, wakaamriwa wazirudishe juu kwa minyororo, kwa mikono yao wenyewe. Vinu vikabaki vya abasia.

Naoneshwa saa, sawa mwenyekiti nimeona. Nilitaka kusema habari za miji, kwamba asiye huru akikaa mji wenye hati mwaka mmoja na siku moja bila kukamatwa anakuwa huru, ipo kwenye maandishi yangu. Mabafu ya umma ya Paris yalikuwepo kwahiyo ile ya kwamba walikuwa hawaogi iacheni. Wanawake wapika bia nao, hao walikuwa wanapigwa faini mahakamani kila mara na wanaendelea kupika, faini imeshageuka leseni, hapo pana mhadhara mzima. Vyuo vikuu sigusi. Karibuni maswali, tuanze na dada hapa mbele.