Dokezo Likikwama, Nani Anapigiwa Simu?

Waheshimiwa wakuu wa idara, watumishi wenzangu, habari za asubuhi.

Chukueni dokezo moja la kawaida, ile barua fupi ya ndani ya ofisi. Ofisa ugavi anahitaji takwimu za mwenzake wa mipango. Kwa muundo uliobandikwa ukutani, dokezo linapanda kwa mkuu wa kitengo, mkuu wa idara, mkurugenzi, kisha linashuka upande wa pili ngazi kwa ngazi, na jibu linarudi njia hiyohiyo. Kila meza ina trei, na kwenye trei faili hulala. Basi ofisa anapiga simu: “Dada, nirushie zile takwimu, dokezo linakuja.” Zinafika kabla ya chai ya saa nne. Dokezo lenyewe linafika wiki inayofuata na kutiwa kwenye faili kwa ajili ya mkaguzi.

Henri Fayol, Mfaransa aliyeongoza kampuni ya migodi, alilieleza tatizo hili mwaka 1916. Alichora ngazi mbili zinazokutana kileleni, kila kidato kikiwa na herufi. F wa upande huu akitaka kumfikia P wa upande ule, ujumbe unapita hatua 10, na jibu hatua 10 nyingine. Dawa aliyoitoa ni daraja: F na P wazungumze wenyewe. Wengi wetu tunaishia hapo, tunayaacha masharti, na masharti ndiyo yenye kazi. Wakubwa wa F na P wawe wameridhia. Halafu kila mmoja amweleze mkubwa wake papo hapo walichokubaliana. Wasipokubaliana, daraja linafungwa na suala linarudi kwenye ngazi.

Sharti la pili ndilo linalotuangusha. Simu imepigwa, kazi imekwenda, mkuu hana habari. Mwezi ujao anaulizwa kikaoni kuhusu takwimu asizowahi kuziona. Akitoka hapo anatoa waraka mkali kwamba mawasiliano yote yapitie kwake. Watumishi nao wanautii neno kwa neno, na ofisi inasimama. Hakuna wa kumwadhibu, maana kila mtu anafuata utaratibu! Mgomo wa namna hii ni mgumu kuliko wa mabango.

Lakini msidhani mahusiano ya pembeni siku zote yanamsaidia mwajiri. Kwenye kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, watafiti walikaa na wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya za mitambo ya simu, kuanzia Novemba 1931 hadi Mei 1932. Waunganishaji walikuwa 9, walehemu 3, wakaguzi 2. Malipo yalifuata uzalishaji wa kundi zima, kwa hiyo kwa hesabu za ofisi kila mmoja angehimiza mwenzake. Haikuwa hivyo. Wenyewe walikuwa na kipimo chao cha kutwa: maungio ya nyaya 6,600 kwa aina moja ya mtambo, 6,000 kwa nyingine. Anayezidisha alipigwa ngumi ya begani, ya utani lakini ya kuuma kidogo. Anayezembea naye alisemwa, na anayepeleka maneno kwa wakubwa hakuwa mwenzao. Waliogopa kwamba wakizalisha zaidi, kiwango cha malipo kitashushwa au wenzao watapunguzwa kazini. Msimamizi wao wa karibu aliyajua mengi ya hayo, hata tabia ya kubadilishana kazi iliyokatazwa, akanyamaza, kwani alihitaji ushirikiano wao kila siku. Ndiyo maana sioni faida ya kuhubiri “moyo wa timu” kabla hujajua timu yenyewe inaogopa nini.

Sasa, kuijua timu. Jacob Moreno, daktari wa magonjwa ya akili, alieneza mwaka 1934 njia ya kuchora mahusiano, na inafaa kwa kitengo cha watu wasiozidi 30. Muulize kila mtu: kazi ikikukwamia unamfuata nani kwanza? Habari za ofisini unazipata kwa nani kabla hazijatangazwa? Ataje watu wasiozidi 3 kwa kila swali. Kila mtumishi ni nukta, kila jibu ni mshale, na kila swali lina karatasi yake. Ukiyachanganya utapata utando usiosomeka. Mishale ikirundikana kwa karani wa masijala au katibu muhtasi, usishangae, faili zote zinapita kwao. Zoezi huharibika pale mkuu anapokusanya majibu mwenyewe: watu wote watamtaja yeye. Akusanye mtu wa nje ya kitengo, na karatasi zenye majina zisihifadhiwe kwenye faili la mtumishi.

Kuna mambo yasiyopitishwa darajani hata mkiwa mmechangiana harusi na misiba: malipo, zabuni, nidhamu, upandishaji vyeo. Hayo yaanze na kuishia kwenye maandishi. Maagizo ya kwenye grupu la WhatsApp nayo yaandikiwe dokezo fupi siku hiyohiyo: nani ameagiza, nini, mwisho lini. Grupu hilo lina salamu, rambirambi na vichekesho, na mtumishi aliye likizo akisema hakuliona agizo, huna pa kumshikia.

La mwisho ni yule mwenye mishale mingi. Akipata uhamisho, makabidhiano ya kawaida yataorodhesha faili, funguo na kompyuta. Ongezeni ukurasa mmoja: anaowapigia simu nje ya idara, na kwa suala gani. Apewe wiki moja ya kuwatambulisha kwa anayekaimu, uso kwa uso, kabla hajaondoka.