Timu Popo, Timu Hondohondo, na Msitu Uliofyekwa Ukijiotea

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Omari, leo naomba nianze mimi, maana nimekuja na donge rohoni.

OMARI: Anza tu. Nimeandaa mafunzo matano, ila yanaweza kusubiri kidogo.

ZUHURA: Jumamosi nilialikwa kwenye shughuli ya kupanda miti. Mahali penyewe palikuwa msitu zamani, ukakatwa, pakalimwa hadi udongo ukachoka, pakaachwa. Katikati umebaki mkuyu mmoja. Nikafika mapema, nikauzunguka. Omari, chini ya mkuyu ule palikuwa na kitalu ambacho hakuna mtu aliyekipanda! Miche ya kila namna, mingine inanifika kiunoni, imesongamana kivulini, halafu inapungua kadiri unavyoelekea kwenye nyasi ndefu.

OMARI: Umbo la duara.

ZUHURA: Duara kabisa. Basi wakaja vijana na mapanga, wakaambiwa "safisheni hapa". Wakafyeka yote. Halafu tukagawiwa miche ya aina moja, tupande kwa mistari.

OMARI: Palepale ilipofyekwa ile mingine?

ZUHURA: Palepale! Nikauliza, nikajibiwa hayo yalikuwa magugu.

OMARI: Lo! Na mkuyu wenyewe?

ZUHURA: Umesalimika, ila nilimsikia mtu akisema kivuli chake kinaharibu mistari.

OMARI: Sasa hapo hata mimi roho inaniuma. Mti uliobaki peke yake kwenye uwanda ndiyo bandari. Ndege aliyeshiba matunda msituni, akivuka uwanda, hatui kwenye nyasi aliwe na nyoka. Anatua mtini, anatulia, ananya mbegu au anazitapika. Mwingine naye vivyo hivyo, miaka nenda miaka rudi. Ukiukata mti huo, umewafukuza wapandaji wote.

ZUHURA: Umesema ndege. Umesema ndege peke yake.

OMARI: Haya, imeanza.

ZUHURA: Mnaotusikiliza tangu kipindi cha tembo mnatujua: kwenye ubishi wa nani hodari zaidi wa kusambaza mbegu, mimi ni Timu Popo, huyu ni Timu Hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa. Na safari hii nina ushahidi. Chini ya mkuyu nilikuta vibonge vikavu vya nyuzi. Hiyo ni alama ya popo wa matunda: anatafuna tunda, ananyonya maji yake, makapi anayatema. Kisha nikachuma jani lenye mchirizi wa kinyesi kilichokauka, nikaukwangua kwa ukucha. Zimejaa mbegu za kuyu, ndogo kuliko punje za ulezi, nzima, hazina hata mkwaruzo. Zimepita tumboni mwa mnyama na bado ziko tayari kuota.

OMARI: Ndege pia hula makuyu, Zuhura.

ZUHURA: Hula, ndiyo. Lakini popo ananya akiwa anaruka! Ndege wako anasubiri tawi, kwa hiyo mbegu zake zinarundikana chini ya miti iliyokwisha kuwepo. Popo anazimwaga hewani, katikati ya uwanda mtupu, mahali ambapo hakuna tawi hata moja. Kule Ghana kuna kundi kubwa la popo wa manjano katikati ya jiji la Accra. Watafiti waliwafungia vifaa vya kufuatilia safari zao, wakapiga hesabu: kundi la popo wapatao 150,000 linaweza kusambaza zaidi ya mbegu ndogo 300,000 kwa usiku mmoja. Usiku mmoja, Omari! Na mvule, mti ambao watu wanapigania mbao zake, popo huyohuyo ndiye msambazaji wake mkuu. Sasa mtu anampiga popo mawe kwa sababu ni popo, kisha analia mivule imekwisha. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

OMARI: Hapo umepiga. Lakini nikuulize: hizo mbegu 300,000 zinaangukia wapi? Nyingi kwenye nyasi nene, zinakauka juu ya majani makavu. Zikiota, moto unapita.

ZUHURA: Nyingi zinakufa, sikatai. Zinazobaki ni za miti inayopenda jua, inayokua upesi. Miti hiyo ikishaweka kivuli, nyasi zinadhoofika, na hapo ndege wako wanapata pa kutua. Popo ndiye anayefungua mlango.

OMARI: Anafungua mlango wa nyumba isiyo na samani! Popo haingizi kokwa kubwa tumboni. Msitu wa mbegu ndogo peke yake ni msitu wa miti myepesi. Ile yenye mbao nzito inayohifadhi kaboni kwa muda mrefu, mingi ina makokwa makubwa, na makokwa hayo yanahitaji koo pana. Hondohondo anameza tunda zima, anakaa nalo, anatapika kokwa safi mbali na mti mama. Na umbali huo ni jambo la uhai na kifo, kwa sababu chini ya mama wamejaa wadudu na kuvu waliozoea kula watoto wa mti huo.

ZUHURA: Nilijua tutafika kwenye koo la hondohondo.

OMARI: Tutafika kila wiki! Brazil, kwenye msitu wa pwani ya Atlantiki, kuna mti wa jamii ya mnazi unaotegemea matukani, ndege wenye midomo mikubwa. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba palipokwisha matukani, mbegu za mti huo zimekuwa ndogo. Ndege wadogo waliobaki hawawezi kumeza kubwa, kwa hiyo kubwa hazisafiri. Mti umebadilika umbile kwa sababu koo limetoweka.

ZUHURA: Nasikia uchungu kila ukilisema hilo.

OMARI: Na kisiwa cha Guam je? Nyoka mgeni aliingia baada ya Vita Kuu ya Pili, akala ndege. Kufikia miaka ya 1980 karibu ndege wote wa asili wa msituni walikuwa wamekwisha. Miti imesimama, inazaa, matunda yanaoza chini ya mama zao.

ZUHURA: Basi na mimi nikupe la hondohondo wako. Usambara Mashariki, upande wa Amani, ulipandwa mti wa Maesopsis eminii, ambao si wa milima ile. Nani aliubeba ukaingia hadi ndani ya msitu wa asili? Hondohondo! Anaupenda, anaumeza, anautapika kila penye uwazi.

OMARI: Hewala. Nalipokea, na hapohapo ndipo ninapotaka kusimama, kwa sababu umenisaidia. Mnyama hachagui mti wa asili au wa kigeni. Anapanda alichokula. Kama jirani yako ni msitu mzuri, atakuletea msitu. Kama jirani yako ni miti ya kigeni, atakuletea hiyohiyo. Na kama wanyama wakubwa wameshawindwa wakaisha, hakuna wa kuleta makokwa. Kwa hiyo binadamu lazima apande. Apande yale ambayo mnyama hawezi tena kuyaleta.

ZUHURA: Sikubali.

OMARI: Hukubali nini? Jambo liko wazi.

ZUHURA: Sikubali kwamba tuanze na kupanda. Ukishamwambia mtu "tunapanda", anataka mistari, anataka idadi ya miche, anataka picha. Na panga linatangulia, nimeliona kwa macho yangu. Fedha zile zingelipa walinzi wa kuzuia mitego na watu wa kukata njia za moto. Mwaka 2025 ulitoka utafiti kuhusu misitu ya kitropiki inayojiotea yenyewe. Palipo na wanyama wengi wa kusambaza mbegu, msitu ulifyonza kaboni hadi mara nne kuliko pale walipopungua. Mlinde mnyama kwanza.

OMARI: Ambaye hayupo nitamlindaje? Kuna mabonde hondohondo hajasikika kwa miaka mingi.

ZUHURA: Atarudi palipo na kitu cha kumrudisha. Hondohondo jike hujifungia ndani ya pango la mti kulea makinda, mlango unazibwa, dume anamlisha kupitia ufa. Pango hilo linataka mti mnene, mzee. Miche yako ya mistari itakuwa na pango lini?

OMARI: Na mti huo mzee utatoka wapi kama hakuna aliyeleta kokwa lake? Tunazunguka palepale. Chukua Kosta Rika: tangu katikati ya miaka ya 2000 wamejaribu kupanda visiwa vidogo vya miti na kuacha nafasi katikati. Ndege na popo wanavifuata, visiwa vinapanuka. Huko ni kupanda, Zuhura!

ZUHURA: Hapo walipanda kidogo, wakawaachia wanyama kazi iliyobaki. Hiyo ni hoja yangu.

OMARI: Ni yangu! Bila kile kidogo, kungekuwa na nyasi.

ZUHURA: Si kila mahali. Chini ya ule mkuyu hakuna aliyepanda hata mche mmoja.

OMARI: Kwa sababu kulikuwa na mkuyu, na msitu ulikuwa karibu. Mahali pasipo na kimojawapo je?

ZUHURA: Hapo nitasubiri.

OMARI: Miaka mingapi? Watu wanaokaa pale watasubiri?

ZUHURA: Na hao hondohondo watasubiri mitego iondolewe mpaka umalize kupanda?

OMARI: Tunaonyeshwa saa. Na mafunzo matano sijasoma hata moja.

ZUHURA: Soma la kwanza.

OMARI: La kwanza ni "tusibishane kuhusu popo". Yaache.

ZUHURA: Basi twendeni kwa wasikilizaji. Kama una shamba lililoachwa au unaishi karibu nalo, chungulia chini ya mti uliosimama peke yake, utuandikie umeona miche gani, na msitu ulio karibu uko umbali gani.

OMARI: Utuambie pia kama kuna aliyepanda. Nataka kujua.

ZUHURA: Atataka kujua, jamani, hajakubali.

OMARI: Sijakubali. Wiki ijayo ni zamu ya tumbili na nyani.

ZUHURA: Na mende wa kinyesi, uliahidi.

OMARI: Na mende. Kwaherini.