Pima mayai ya kichocho kwenye picha na ImageJ, bure kabisa

Mwangaluka wadau! Leo tunapima mayai ya kichocho kwenye picha za hadubini. Programu yetu ni ImageJ, ya bure kabisa, haina laiseni ya kununua wala siku za majaribio, ilianzishwa na Wayne Rasband kule NIH, taasisi ya taifa ya afya ya Marekani, mwaka 1997 na watafiti wanaitumia mpaka leo, kwa hiyo wewe mwanafunzi wa maabara hapa Mwanza usidhani mpaka ununue ya bei mbaya.

Ingia imagej.net, daunlodi zipu, ifungue, bofya mara mbili, imewaka.

Sasa hapa tulieni. Programu inajua pikseli tu, maikromita haizijui mpaka uifundishe. Chukua slaidi ya kipimo, ile yenye karula kadogo ka milimita 1 kalikogawanywa mara 100, kila kigawanyo maikromita 10, kapige picha kwa lenzi ileile utakayopigia mayai. Kama unatumia simu ifunge kwenye kishikizo na zumu usiiguse kabisa, ukisogeza kidogo tu vipimo vyote vimeharibika na hutajua.

Fungua hiyo picha ya rula, chagua zana ya mstari ulionyooka, bonyeza alama ya kujumlisha ili ikuze, halafu chora juu ya vigawanyo 20 hivi, usichore kimoja maana mstari mfupi unakuza makosa. Nenda "Analyze" kisha "Set Scale", kwenye "Known distance" andika 200, yuniti andika um (yaani maikromita), tiki "Global", OK.

Fungua picha ya yai, chora mstari ncha hadi ncha, bonyeza M, urefu huo hapo kwenye jedwali. Fanya hivyo hivyo na upana. Yai la mansoni, ndiyo kichocho cha tumbo kinachotusumbua huku ziwani, Ukerewe na visiwa vingine, lina mwiba ubavuni na urefu wake ni maikromita 114 hadi 180, upana 45 hadi 70. Ukipata 400 usiandike kwenye ripoti, rudi kwenye skeli kwanza.

Ukibadilisha lenzi, piga rula upya, weka skeli upya. Jedwali lisevu kama CSV, linafunguka Excel.

Na picha za mayai msitumiane WhatsApp kama picha za kawaida jamani, inapunguza pikseli na skeli yako haifai tena, tuma kama dokumenti au hamisha kwa waya.