Pampu Moja, Vifua Viwili

Habari za jioni wazazi wangu, walimu, na ndugu zangu nyote.

Hii niliyoishika mnaijua: pampu ya bluu ya wagonjwa wa pumu, yenye dawa ya salbutamoli. Jumanne walikuja kliniki watoto wawili wa umri mmoja, wote wamebanwa kifua. Kila mmoja alipuliza kwa nguvu kwenye kipimo cha pumzi, akavuta dawa, tukangoja robo saa, akapuliza tena. Hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza ikipanda kwa asilimia 12 au zaidi, tunasema dawa imejibu. Mmoja alivuka hapo, akaanza kusumbua anataka kwenda kucheza. Wa pili, kifua kiliendelea kulia filimbi. Mama yake akaniuliza, "Daktari, si dawa ileile?"

Ni ileile, mama. Ila dawa hii haifanyi kazi peke yake. Inatafuta kipokezi kilichopo kwenye misuli inayozunguka mirija ya hewa, kama ufunguo unavyotafuta kitasa. Kitasa kikizunguka, misuli inalegea, hewa inapita. Maelekezo ya kukitengeneza kitasa hicho yamo ndani ya jeni iitwayo ADRB2, kwenye kromosomu ya 5. Kitasa chenyewe ni mnyororo wa asidi amino 413, yaani vijenzi vya protini vilivyounganishwa kama pete. Kwenye pete ya 16 baadhi yetu tuna asidi amino iitwayo ajinini, wengine glisini, na tofauti hiyo yote imeletwa na herufi moja tu ya vinasaba.

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio lililotushtua: wagonjwa waliorithi ajinini kwa baba na kwa mama, pumzi zao za asubuhi zilikuwa nzuri zaidi pale walipoacha kutumia salbutamoli kila siku. Tulidhani tumefika. Kipimo kimoja cha damu, na tungejua nani apewe nini! Kumbe bado. Mwaka 2009 ukafanyika utafiti mwingine kwa salmeteroli, ndugu yake salbutamoli anayekaa mwilini muda mrefu, ikiambatana na steroidi ya kuvuta, dawa inayotuliza uvimbe ndani ya mirija ya hewa. Makundi yote mawili, wa ajinini na wa glisini, yakapata nafuu. Pumu haitawaliwi na herufi moja. Hata steroidi nazo zina mambo yake: mwaka 2011 ilionekana kuwa waliorithi umbo fulani la jeni ya GLCCI1 kwa wazazi wote wawili, nafuu yao ya pumzi ilikuwa kama theluthi tu ya waliyoipata wenzao.

Kazi ninayoipenda kuliko zote inafanyika San Francisco, kwa Profesa Esteban Burchard na wenzake. Mwaka 2004 walionyesha kuwa wagonjwa wa asili ya Puerto Rico hufunguliwa kifua na salbutamoli kwa kiasi kidogo kuliko wale wa asili ya Mexico, ingawa wote huwekwa kapu moja la Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mwaka 2018 wakachapisha usomaji wa vinasaba vyote vya watoto 1,441, wa jamii hizo mbili pamoja na Wamarekani weusi, waliochaguliwa kwa sababu dawa iliwajibu sana au kidogo mno. Kazi hiyo ina uzito, maana tafiti nyingi za mwanzo zilitegemea damu ya watu wa asili ya Ulaya.

Na sisi? Hakuna bara lenye utofauti mkubwa wa vinasaba kama Afrika, na bado tumechunguzwa kidogo sana. Jambo hili linaniuma. Watafiti wakija kuomba damu, waulizeni itahifadhiwa wapi na majibu yatarudi kwenu lini, wajibu mpaka mridhike. Lakini nawasihi, msiwafukuze.

Yule mtoto wa pili nilimwomba avute tena, nami nikimtazama mdomoni. Dawa karibu yote iliishia kwenye ulimi! Nikachukua chupa ya maji ya nusu lita, nikaitoboa kitako kwa umbo la mdomo wa pampu, nikaziba pembeni, akavutia kwenye shingo ya chupa. Profesa Heather Zar wa Cape Town na wenzake walithibitisha mwaka 1999 kuwa chupa ya namna hii inafanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Safari hii pumzi ilipanda kwa asilimia 8. Nne zilizobaki kufika 12 ndizo ninazozitafuta kwenye jeni.

Nimekuja na chupa kadhaa hapa mezani, na kisu. Mwenye mtoto wa pumu asogee, tutoboe pamoja.